Mwanya wa Kushoto

9 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Mkazamjomba naye mfikishie yake, na mama umwambie blanketi alilonilazimisha kubeba ndilo limeniokoa, maana baridi ya huku haina adabu. Nimefika salama. Miguu ilivimba kwa kukaa garini lakini sasa imerudi kuwa miguu. Najua ungependa simu, ila wewe kwenye simu unajibu mambo ambayo hayajaulizwa, na hapa simu zote zinawekwa getini kwa Msimamizi. Mwenye Gari hapendi kelele. Basi tutaandikiana kama watu wa zamani.

Karakana ungeiona ungenyamaza. Ni banda kubwa nyuma ya nyumba, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka inateleza, spana zimetundikwa kwa ukubwa wake kama watoto wa shule mstarini. Dirisha ni moja, linaangalia ukuta. Chumba changu kimepakana na karakana, kwa hiyo nikiamka nimeshafika kazini.

Gari lenyewe limenizidi umri kwa mbali. Fenda zake zimevimba kama mashavu ya mtu anayepuliza moto, boneti ndefu imegawanywa katikati na mstari mmoja wa chuma. Injini inaunguruma vizuri, viti vimeshonwa upya, rangi imevuliwa yote na bati liko uchi. Kilichobaki ni uso tu: milango, fenda mbili, boneti na shoo, ule wavu wa chuma wa mbele, vikutane sawasawa. Nikasema moyoni, kazi ya wiki chache hii.

Mjomba, kushoto kunanishinda. Fenda ya kushoto na mlango vinapishana. Juu mwanya umebana, wembe haupiti. Chini unaingiza kidole. Nikirekebisha hapo, boneti inapanda kwenye fenda. Nikiishusha boneti, shoo inakwenda upande kama mdomo wa mtu aliyenuna. Mwenye Gari huja kila alasiri na fimbo yake, anachomoa njiti ya kiberiti, anaipitisha kwenye mwanya kuanzia kioo cha mbele hadi taa. Ikikwama anasema, "Bado," anaondoka. Sijamsikia akisema neno jingine.

Nishauri.

Mpwa wako,
Sindano


2 Februari

Sindano, mpwa wangu,

Marahaba, na mkazamjomba ameitikia kutoka jikoni kwa sauti ambayo nadhani umeisikia huko huko. Mama yako, tangu nimsomee habari ya blanketi, anazunguka mtaa mzima akieleza kwamba yeye alijua. Mimi mzima. Karakana inakwenda. Kazi zimepungua kidogo, watu siku hizi wanang'oa bati zima na kuweka jingine, hawataki kunyooshewa. Afadhali, napumzika.

Sasa wewe. Umeanzia mbele, siyo? Kila mtu anaanzia boneti kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Vua vyote, weka chini, sahau kwamba uliwahi kuvifunga. Anza na mlango. Mlango usiufuatishe fenda, ufuatishe mwili wa nyuma, kule kusikosogea. Ukishakaa, fenda iufuate mlango. Boneti ije baada ya fenda, shoo iwe ya mwisho. Na bolti zote zikazwe kwa vidole tu mpaka kila kitu kikubaliane na mwenzake. Ukitanguliza spana umeharibu.

Mwanya ni uzuri kwenye meno, si kwenye boneti. Mkazamjomba anasoma begani kwangu na ananiambia niufute huo mstari, kwa kuwa mwanya wa meno yeye anao. Siufuti.

Na usishike puti. Najua unajua, lakini nasema tena. Puti ni uongo unaokauka. Fundi anayejaza mwanya kwa puti aende akauze viatu, awaachie wengine nyundo. Nilikufundisha wewe na si mwingine kwa sababu ulipokuwa mdogo, mwembamba kama hilo jina lako, ulikuwa ukigusa bati kabla ya kuliangalia.

Andika upesi.

Mjomba wako


26 Februari

Mjomba,

Shikamoo kwenu wote. Nimefurahi kusikia mama anatamba. Hapa tuko salama. Nakula vizuri, nalala vizuri. Barua hizi Msimamizi ndiye anayezipeleka posta, na ameniomba nisizifunge kwa gundi, kwa hiyo nataka nikwambie kwamba Msimamizi ni mtu mwema, na nadhani akisoma mstari huu naye atakubaliana nami.

Nilivua vyote kama ulivyosema. Chini ya fenda ya kushoto nilikuta vipande vya bati vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine ili kuinua, na kila kipande kina mkono wake. Kimoja kimekatwa kwenye kopo la oili, rangi bado ipo. Kingine ni bati la paa. Kingine sufuria. Mafundi wengi wamepita hapa kabla yangu, kila mmoja akaweka chake juu ya cha mwenzake. Nilimuuliza Msimamizi walikuwa wangapi. Alisema, wengi. Nikamuuliza waliondokaje, akaniuliza kama nina sabuni ya kutosha.

Kulia sasa ni raha. Mlango, fenda, boneti, vyote vimeelewana na njiti inapita kama mtu anayekwenda kwao. Kushoto ni kulekule. Mwenye Gari amekuja, ameanza kulia, akapita mbele, akafika kushoto. "Bado."

Nilitaka kutoka kidogo nikanunue sabuni mwenyewe, ninyooshe na miguu. Msimamizi alisema nitaje ninachotaka, kitaletwa. Kitambulisho changu anacho yeye kwa usalama wake, yaani usalama wa kitambulisho. Nitarudishiwa kazi ikiisha, na kazi inaisha siku Mwenye Gari atakaporidhika. Ndivyo mkataba unavyosema na niliusaini mwenyewe, kwa furaha, mbele yako.

Usiwe na wasiwasi. Niambie tu la kufanya kuhusu kushoto.

Sindano


30 Machi

Mpwa wangu,

Nimechelewa, nisamehe. Mistari ikipanda mlima usishangae, kalamu hii mbovu na meza inayumba. Wote wazima. Mama yako anauliza kama unakula. Nimemwambia umesema unakula vizuri. Akasema mtu anayekula vizuri haandiki hivyo.

Achana na mabati. Bati linafuata mifupa. Chukua kamba, ifunge kwenye tundu la bolti la mbele kushoto, ivute hadi la nyuma kulia chini ya gari. Kisha ifanye kinyume, kulia mbele hadi kushoto nyuma. Kama kamba hazilingani, chasisi imepinda, na hapo hata malaika angekufungia hiyo fenda isingekaa.

Mimi siku hizi nanyoosha kwa kiganja zaidi kuliko kwa jicho. Kiganja kinatosha kabisa. Watu hawajalalamika.

Unadhani utarudi lini? Si kwa ubaya. Nauliza tu.

Mjomba


21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii haipiti kwa Msimamizi. Nimempa dereva anayeleta mitungi ya gesi ya kuchomelea, mtu wa makamo anayependa kuimba vibaya. Ukijibu, tuma kwa anwani ya ghala lao niliyoandika nyuma ya bahasha, naye ataniletea akija tena. Sasa naweza kusema. Mama usimsomee hii.

Kamba hazilingani. Zimeachana kwa upana wa dole gumba. Nilijilaza chini, nikakwangua rangi kwenye mguu wa mbele wa chasisi, upande wa kushoto, nikakuta mkunjo na mchomeleo wa haraka haraka uliofunikwa na rangi nene. Gari liligongwa, mjomba, tena kwa nguvu, na aliyelitengeneza alikuwa anaficha.

Mwenye Gari alipokuja nilimweleza kwa heshima. Nikamwambia tukiipasha moto chasisi na kuivuta, kila kitu kitakaa. Nikamwomba ainame aone. Hakuinama. Alisema, "Gari hili halijawahi kugongwa." Halafu akaagiza nisipeleke moto kwenye chasisi hata kidogo. Akatoa njiti yake, akaipitisha, ikakwama palepale inapokwama kila siku.

Basi unaona nilipo. Kinachozuia kushoto kusikae siruhusiwi kukigusa, na kushoto kusipokaa siruhusiwi kutoka. Nimemwomba Msimamizi kitambulisho mara kadhaa. Anaangalia chini na kunitajia mkataba. Geti ni la chuma tupu, refu kuliko mimi nikipanda juu yangu mwenyewe, na kilango chake kidogo kina kufuli. Linafunguliwa gari la mahitaji likija, na yeye anasimama katikati mpaka lifungwe. Hakuna anayenipiga, hakuna anayenitukana, chakula kinafika kikiwa cha moto. Hilo ndilo linalonichanganya. Nikitaka kulalamika sijui nianzie wapi.

Nimeanza tabia mbaya ya kupima vitu. Mwanya kati ya kitanda na ukuta. Mwanya chini ya mlango wangu, ambao kulia umezidi kushoto. Juzi nilijikuta nimekaa mbele ya kabati nikisogeza milango yake kwa kidole mpaka chakula kikapoa.

Nimefungiwa, mjomba. Nimetafuta neno jingine nikalikosa.

Sindano


19 Mei

Mpwa wangu,

Usishtuke kwa mwandiko. Ni wa mkazamjomba wako, mimi nasema, yeye anaandika. Kidole kimevimba. Hakuna aliyefariki, hakuna aliyelazwa, mama yako ni mzima na hajui kitu.

Nilitaka kuja mwenyewe. Haikuwezekana, tuliache hilo.

Nisikilize. Paka puti. Jaza huo mwanya wa kushoto panapozidi, ukate panapobana, chonga, msasa, rangi, njiti ipite. Chukua kitambulisho chako urudi nyumbani. Itapasuka baada ya mwaka, na mwaka huo wewe utakuwa huku. Ni bati tu, mwanangu. Ni gari tu.

Usibishane nami kwenye hili na usiandike barua ya kubishana. Njoo.

Mjomba wako


24 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na mkazamjomba shikamoo. Naandika nikiwa stendi, kwenye benchi lenye mguu mbovu, na mkoba wangu uko katikati ya miguu. Basi la leo limejaa. Kondakta amekubali kubeba barua hii, mimi nitapanda la kesho kutwa. Kwa hiyo itafika kabla yangu, nami nimeona afadhali mambo yatangulie ili nikifika tusiwe na kazi ya kuulizana.

Dereva wa gesi alinipa barua yenu mikononi. Nilipofika kwenye neno puti nilirudi juu kuangalia kama kweli imetoka kwako. Nikasoma tena. Mtu aliyenirushia kopo la puti nje ya karakana mbele ya wateja ndiye ananiambia nipake. Nikatoa na barua ya Machi, ile ya mistari inayopanda mlima, nikaziweka pamoja juu ya boneti. Kiganja zaidi kuliko jicho. Kidole kimevimba. Haikuwezekana kuja. Sikulia pale, ila nilikaa chini kwenye saruji, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilimwogopa Mwenye Gari kuliko nilivyomchukia, kwa sababu niliona anavyoweza kunimalizia muda ambao si wangu peke yangu.

Basi nikatii. Nilimwomba Msimamizi puti. Aliileta mwenyewe, akaliweka kopo sakafuni, lakini hakuondoka. Aliniambia wote waliotangulia waliomba hiyohiyo. Mwenye Gari alikuwa akigonga kwa kifundo cha kidole, anasikia sauti imekuwa ya udongo, anaamuru ivuliwe. Kazi ikaanza upya, mpaka mmoja mmoja wakachoka wakatoroka na kuacha vitambulisho vyao. Nilimuuliza wanatorokaje kwenye geti lile. Alikaa juu ya debe la oili, mtu mzima yule, akaniambia, "Mimi ndiye niliyefunga geti."

Akanieleza. Mke wa Mwenye Gari alikuwa amefunga mizigo yake na kuiweka kwenye gari hilihili. Hapakuwa na kelele wala ngumi, alikuwa amechoka kuishi kwa ruhusa. Mwenye Gari alisimama barazani akaagiza geti lifungwe, na Msimamizi, wakati huo kijana, akalifunga. Yule mama aliliona likifungwa na hakupunguza mwendo. Upande wa kushoto ukaingia kwenye nguzo. Alishuka akiwa na damu kwenye paji la uso, akapita kwenye kile kilango kidogo cha waenda kwa miguu, akaenda zake. Hajaonekana tena. Wiki ileile nguzo ilijengwa upya, gari likachomelewa uani, na tangu hapo katika nyumba ile hakuna aliyelitaja jambo hilo. Gari halijawahi kugongwa.

Nilipomaliza kumsikiliza nilimuuliza anataka nini. Alisema Mwenye Gari anakwenda mjini kwa daktari wake na atalala huko siku chache. Kopo la puti alilichukua akaondoka nalo.

Gari lililompeleka Mwenye Gari mjini lilipotoka tu, nilivua uso wote. Msimamizi alinishikia mnyororo tuliofunga kwenye pete ya sakafuni, mimi nikauchoma ule mchomeleo wa zamani mpaka mguu wa chasisi ukawa mwekundu, tukavuta kwa jeki, taratibu, tukiacha upoe na kupasha tena. Alikuwa na mikono ya mtu wa ofisini na iliungua kidogo, lakini hakuachia. Nilipima kwa kamba, nikavuta, nikapima. Zilipolingana nilimwita azishike mwenyewe. Alizishika muda mrefu.

Halafu nikafunga kama ulivyonifundisha. Mlango ukafuata nyuma. Fenda ikaja yenyewe, mjomba, haikuhitaji hata kipande kimoja cha bati chini yake. Boneti nikaiteremsha kwa vidole viwili na ikashuka na sauti moja tu, nzito, ya kitu kilichofika mahali pake. Shoo ikanyooka. Nilikaa mbele ya lile gari nikiliangalia uso, na kwa kweli lilikuwa zuri. Nilitamani ungekuwepo uliguse.

Mwenye Gari alirudi mchana. Alikuja moja kwa moja, kofia kichwani bado. Njiti ikapita kulia, ikapita mbele, ikapita kushoto kutoka kwenye kioo mpaka kwenye taa bila kugusa popote. Akarudia. Akagonga kwa kifundo cha kidole, bati likamjibu kama bati. Nikamwambia nimenyoosha chasisi, na kwamba kama kuna kosa ni langu.

Akairudisha njiti kwenye kiberiti chake. Kisha akasema, "Bado."

Nikamuuliza wapi.

Alipitisha mkono kwenye fenda ya kushoto, juu, chini, akarudi juu. Hakuonyesha mahali. Mkono ulikuwa unatafuta tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata gari lile lingetoka kiwandani asubuhi ile angesema bado, maana siku atakaposema limekwisha itabidi aamue la kufanya na geti. Nilimhurumia, sikatai. Lakini huruma yenyewe haikutosha kunibakiza.

"Nimemaliza," nikamwambia. Nikaenda chumbani kuchukua mkoba na blanketi.

Nilipotoka walikuwa uani wote wawili. Mwenye Gari alikuwa anamwambia Msimamizi afunge geti, na geti lilikuwa limefungwa tayari, kama siku zote, sijui alikuwa anaongea na siku gani. Msimamizi alitoa kitambulisho changu kwenye mfuko wa shati na simu yangu kwenye mfuko wa suruali, akanipa, akaenda kufungua. Alifungua milango yote miwili mpaka mwisho, ingawa mimi kilango kidogo kingenitosha. Mwenye Gari akarudia amri yake. Msimamizi akamwambia, kwa adabu ileile ya miaka yote, "Safari hii hapana, mzee."

Nikapita. Nilipogeuka Msimamizi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya nguzo, na nyuma yake kule uani Mwenye Gari amesimama, mikono yote juu ya fimbo, akiangalia barabara. Sijui yatakayompata Msimamizi. Nimemwachia anwani yetu.

Simu ninayo, na ningeweza kupiga sasa hivi. Sipigi kwa sababu utaniambia kidole kimepona na mimi nitakubali, tutamaliza hivyo.

Mkazamjomba, najua ni wewe unayesoma, na kwa sauti. Hapa pumzika umtazame. Kama amekunja uso anataka uandike kwamba hakuna neno, usiandike, hakuna pa kuipeleka barua, mimi nitakuwa njiani. Mwambie habari ya macho simuulizi, tangu lini wala kwa nini alinificha. Karakana asiifunge. Mama aambiwe kabla sijafika, na aambiwe na mjomba mwenyewe.

Na mwambie nitakapoingia nitaanza kwa kusema ni mimi, Sindano, nikiwa bado mlangoni. Asihangaike kuinuka kunitazama ni nani.